Nilivyoingia Ukoo wa Velacorda

Johannesburg,
Novemba

Dada yangu mpenzi Tabia,

Amani na rehema za Mola zikukute ulipo, wewe na shemeji, na mama yetu, na kila anayelala chini ya paa lenu pale Ngamiani. Natumaini goti la mama limetulia na mvua za vuli hazijamrudishia yale maumivu. Natumaini Samira wangu anakula vizuri, anasoma, na hakuchoshi sana kwa maswali yake. Mimi mwili wangu ni mzima. Sina homa, sina jeraha, nalala mahali pasafi na nakula nikashiba. Nakuomba uyashike hayo kabla hujasoma mengine, maana najua habari mliyoipata.

Najua Jeannine amewapigia simu. Najua amewaambia kwamba nimepotea, kwamba ameniandikisha polisi, na kwamba kina mama wa msikitini Mayfair wamenisomea dua. Yote aliyowaambia ni kweli kwa upande wake. Lakini mimi sijapotea, dada. Niko Johannesburg hii hii, kwenye nyumba moja juu ya kilima cha Parktown, na mara kadhaa nimepita mbele ya watu wanaonitafuta. Nitakueleza kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukielezana mambo wakati wa kuchambua mchele, na wewe nivumilie mpaka mwisho. Barua hii isome peke yako kwanza. Mama utamsomea kile utakachoona anaweza kukibeba. Samira usimsomee kitu.

Jeannine unamjua kwa simu, yule dada wa Uvira mwenye kucheka sana. Tulikuwa tukikodi chumba kimoja cha kushonea katikati ya jiji, ghorofa ya nne ya jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika. Juu yetu kuna kanisa la Wakongo, chini yetu wauza nywele za bandia. Yeye alishona sare za kwaya na mashati ya vitenge, mimi magauni ya harusi. Mwezi wa saba akaja Gustave, mtu wa Kalemie anayesali na Jeannine, ambaye ni mlinzi wa geti kwenye jumba moja huko Parktown. Alisema bibi anayemlindia ana magauni ya hariri ya zamani sana, yanachanika ukiyatazama, na anatafuta fundi mwenye mkono mwepesi. Jeannine hakufikiri mara mbili, akanionyesha mimi kwa mkasi. Gustave akanitazama akasema, eish, dada, ile nyumba ni kubwa, lakini iko kimya sana, usishangae.

Nyumba ni ya mawe, imezungukwa na mijakaranda. Ndani viti vingi vimefunikwa mashuka meupe, na saa zote ukutani zimesimama. Mwenyewe anaitwa Doña Leocadia Velacorda. Hilo neno la mbele kwao ni heshima, kama sisi tunavyosema Bi Mkubwa. Alikuwa mzee sana, mwembamba, mgongo umenyooka kama mtoto wa shule, na alizungumza Kiingereza cha taratibu. Alitoka nchi inayoitwa Orvenza, nchi ndogo ya Walatini, milima upande mmoja na bahari upande wa pili. Mimi sikuwahi kuisikia, na Jeannine aliyesoma Kifaransa hakuwahi pia. Wanajeshi walimpindua mfalme wao miaka mingi iliyopita, na baba yake Doña Leocadia akakimbia na familia yake mpaka hapa. Sasa serikali mpya ilikuwa imezikaribisha nyumba za kifalme zirudi. Ukoo wa Velacorda ungerudishiwa cheo na kasri lake katika sherehe ya mwezi wa Desemba, na ndiyo sababu ya magauni.

Alinipa mawili. Moja lilikuwa lake, la pili la binti yake Eulalia. Nilipouliza huyo binti yuko wapi nimpime, alijibu kwamba yuko njiani. Siku hiyo wakati wa kutoka nilimuuliza Gustave kama binti anakuja kwa ndege, naye akashangaa. Alisema Eulalia alikufa kabla yeye hajaajiriwa pale, kwamba kila Jumapili anampeleka bibi makaburini kuweka maua, na kwamba jiwe lenyewe amelifuta vumbi kwa mkono wake. Tukakubaliana kwamba ni uzee. Unajua wazee wanavyowasubiri watu waliokwisha ondoka.

Siku iliyofuata Doña Leocadia aliniomba nilivae gauni la Eulalia ili aone linavyoanguka. Nikalivaa. Dada, nimeshona miaka mingi, na ninakuambia hakuna gauni lililokatwa kwa ajili ya mwanamke mmoja likamkaa mwingine bila kuguswa. Hili lilinikaa. Mabega, kiuno, urefu wa mkono, hata mahali ambapo ziwa langu la kushoto limezidi kidogo la kulia. Sikuwa na pa kuchoma hata pini. Bibi akanizunguka polepole, kisha akaniuliza kama nina mtoto. Nikafurahi kuulizwa, nikatoa simu nikamwonyesha ile picha ya Samira ya siku ya Idi. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, atakuwa na mabega yako.

Kazi ya hariri ni ya kukaa, na yeye alipenda kukaa nami. Alivuta kiti karibu na dirisha na kunisimulia jinsi ukoo wao ulivyopanda. Alisimulia bila haraka, kama mtu anayehesabu tasbihi, na mimi nilishona nikisikiliza, kwanza kwa adabu, halafu kwa hamu.

Alisema hapo zamani Velacorda haikuwa nyumba ya kuhesabiwa. Alikuwepo mjane mmoja mwenye mnara ulioanguka nusu, mashamba ya mawe matupu, na mtoto mmoja wa kiume, Rodrigo. Rodrigo akaenda vitani akafa. Siku maiti yake ilipokuwa njiani kuletwa, mchukuzi wa chumvi alipita na punda wake chini ya dirisha la mjane. Mjane akamtazama, akaita, Rodrigo. Mchukuzi alikuwa amechoka na jua lilikuwa kali, akadhani anaitwa yeye, akaitikia. Mjane akashuka, akamwogesha, akamvisha nguo za mwanawe na kumkalisha mezani. Mfalme alipokuja kutoa pole alimkuta Rodrigo anakula, akamkumbatia na kumshukuru Mungu. Askari walipofungua jeneza walilolibeba toka vitani, wakaona ndani yake mchukuzi wa chumvi, wakashangaa ni nani aliyewafanya wabebe maskini yule kwa heshima kubwa namna ile.

Nikamuuliza, na watu wa yule mchukuzi je? Akanijibu kwamba mke wake alifika mlangoni kumtafuta, ana mtoto mgongoni. Rodrigo mpya akatoka nje mwenyewe. Yeye alimjua mkewe. Mkewe hakumjua. Akampa mfuko wa chumvi, na mwanamke akainama akashukuru, akaenda zake kumtafuta mumewe mbele zaidi. Mfuko huo ndio uliochorwa katika ngao ya ukoo mpaka leo, na watu hudhani maana yake ni utajiri.

Kisha ikaja tauni. Nyumba kubwa za Orvenza zikaanza kufa moja baada ya nyingine, baba na watoto, mpaka milango ikapigwa misumari. Nyumba ya Velacorda peke yake haikujua kufa. Aliyelala maiti asubuhi, mchana alikuwa amekaa mezani, kwa sababu hapakukosekana mpita njia wa kuitwa. Mfalme akaanza kuwapa mashamba ya waliokufa, kwani mfalme humtaka mtu atakayekuwepo kesho. Wakapewa bandari, wakapewa ugavana, wakapewa cheo cha juu kabisa chini ya kiti cha enzi. Kisha binti yao Beatriz akaposwa na mwana wa mfalme, naye akafa kwa homa wiki ya harusi. Kwenye malango ya mji kulikuwa na msichana anayechunga mabata. Akaitwa. Msichana yule akaolewa, akazaa mfalme, na mfalme alipokuwa mdogo ni yeye aliyeitawala Orvenza yote. Doña Leocadia aliniambia haya kwa fahari. Akasema hivyo ndivyo ukoo uliopanda kuliko koo zote za nchi ile ulivyokuwa hauna hata tone moja la damu ya yule mjane wa kwanza. Kisha akaniuliza kama uzi umetosha.

Mimi nilizichukua kama hadithi za mtu aliyekosa wajukuu wa kuwasimulia.

Mwezi wa tisa kazi ikawa nyingi kwa ajili ya tarizi za dhahabu, akanipa chumba cha kulala huko huko ili nisipoteze saa kwenye teksi. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimepiga magoti sakafuni napanga upindo, mdomo umejaa pini. Yeye alikuwa chumba cha pili. Nikamsikia anaita, Eulalia. Sauti yake haikuwa ya kulia wala ya kupotewa na akili. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua anayemwita yuko karibu. Na mimi, dada, bila kufikiri, kwa sababu tumelelewa hivyo na mama na hakuna mkubwa aliyewahi kuita ndani ya nyumba yetu akakosa jibu, nilitema pini mkononi nikaitikia, abee.

Alikuja mpaka mlangoni, akanitazama, akarudi alikotoka.

Asubuhi yake nikamkuta Gustave getini. Kawaida yetu ilikuwa kuulizana tumeamkaje, na yeye kunitania kuhusu Simba na Yanga. Safari hii alisimama wima, akavua kofia, akaniamkia kwa Kiingereza. Nikadhani ni mzaha. Nikamuuliza kwa Kiswahili, Gustave, leo umekuwa Mzungu? Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgeni aliyejitahidi, akanijibu polepole, neno moja moja, ili nimwelewe.

"Madame anasema Kiswahili muzuri sana. Nani alimufundisha?"

Nilicheka, nikaingia ndani nikashona. Lakini kutoka siku hiyo simu yangu ilinyamaza. Hakunipigia Jeannine, hukunipigia wewe, hata wale wanaopiga kuuza bima. Na mimi nikaanza kujua vitu. Nilifungua kabati la vijiko bila kuonyeshwa. Nikamsikia bibi akisali kwa lugha yake nikaelewa anaomba nini. Alikuwa anaomba apumzishwe.

Nikaweka sindano chini nikamfuata. Nikamuuliza amenifanya nini. Dada, nilitegemea akatae, au acheke, au anifukuze. Alinishika mkono akaniketisha. Aliniambia kwamba yeye alikuwa muuza ndimu. Hakumbuki soko gani, wala mama yake alikuwa akimwitaje. Alipita chini ya dirisha na kapu lake, akaitwa Leocadia na baba ambaye binti yake alikuwa amekufa alfajiri, naye akageuka. Alichobaki nacho ni kwamba siku hiyo mikono ilikuwa ikimuwasha, maji ya ndimu yameingia kwenye mikwaruzo. Alisema, kabla ya hapo hakuna kitu, nimetafuta. Alisema pia kwamba hawezi kufa mpaka kiti kinachofuata kiwe na mtu, na kwamba amechoka kuliko ninavyoweza kudhani.

Nikamwambia sitaki. Akasema hatanilazimisha. Maadamu yeye yu hai mlango uko wazi. Akaniambia niende kwa watu wangu, na mmoja wao akiniita jina langu bila kuambiwa, nitakuwa wao, na yeye atatafuta mwingine. Aliposema mwingine, macho yake yalishuka kwenye simu yangu iliyokuwa mezani.

Nikaondoka mchana ule ule. Njiani, karibu na robot, zile taa za barabarani za kuingilia mjini, polisi walikuwa wamesimamisha watu na kukagua vibali. Unajua miaka yote hii nimekuwa nikibeba karatasi yangu kifuani, inalowa jasho, na kila nikimwona polisi moyo unaruka. Nikaishika tayari. Polisi mmoja akawasogeza Wamalawi wawili ukutani ili mimi nipite, akaniita madam, akaniomba radhi kwa usumbufu. Nikapita.

Jeannine nilimkuta mashineni. Mashine yangu ilikuwa imefunikwa kwa khanga yangu. Akainuka kwa adabu.

"Karibu, mama. Unataka kushonesha?"

Nikamuuliza nani alikuwa akishona kwenye mashine ile ya pili. Macho yake yakajaa machozi. Akachukua karatasi kutoka kwenye rundo, ina picha yangu, akanipa.

"Ni huyu, anaitwa Kidawa. Tulikuwa tunashonaka naye hapa, mara akapotea tu, hata simu yake haipatikani. Kama utamuona, mama, uniambie. Hata ikiwa habari mbaya, uniambie."

Nilikuwa nimeshika uso wangu mkononi, na uso ule ule nilikuwa nimeuvaa. Nimejitazama kwenye kioo, dada, sijabadilika. Kovu la kidevuni lipo. Nikamwambia, Jeannine, hebu nitazame vizuri. Alinitazama, na ninakuapia alijitahidi, alikunja paji la uso kama mtu anayetafuta jina la wimbo. Kisha akasema nimsamehe, halafu akaisifu blauzi yangu, akauliza ni nani aliyenishonea. Ni yeye aliyeishona.

Nikaenda Mayfair msikitini. Nikakaa upande wa wanawake mahali pangu pa siku zote. Mama mmoja wa Kisomali, ambaye tumefuturu pamoja Ramadhani mbili, akanijia akaninyooshea shela, akaniuliza kwa upole kama hii ni mara yangu ya kwanza. Nikamsomea Alhamdu yote. Akalia kwa furaha, akawaita wenzake waje wamsikilize mgeni.

Ndipo nikawapigia simu nyumbani. Ilikuwa alasiri, nilijua wewe uko sokoni. Mama akapokea, nikamwamkia. Akaitikia, akauliza, nani mwenzangu? Nikasema, ni mimi, mama. Akasema, sauti yako inanikumbusha mtu, mwanangu, lakini huyo tunamwombea dua. Labda amekueleza kwamba kuna mgeni alikosea namba siku ile. Nilikuwa mimi.

Nikarudi Parktown kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine nilikojulikana. Doña Leocadia alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aliponiona nimerudi peke yangu, hakuuliza. Nikaketi kiti kinachotazamana na chake, kile ambacho siku zote kilikuwa kimefunikwa shuka, na safari hii shuka halikuwepo. Akapumua pumzi ndefu. Akafa siku chache baadaye, akiwa amelala, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa mimi mwenyewe, na nilimlilia, nisikufiche.

Mwanasheria wa ukoo alikuja, akanibusu mkono akaniita Doña Eulalia, akasema nimefanana na marehemu mama yangu. Tulimzika kwa taratibu zao. Kando ya kaburi lake lipo lile la zamani, lile ambalo Gustave alikuwa akilifuta vumbi. Jiwe lina kuvu la kijani na ufa pembeni, la miaka. Nikainama nisome. Limeandikwa jina langu, dada. Jina langu na la baba. Nilimwuliza Gustave ni kaburi la nani, akasema hajui, labda la mtumishi fulani wa zamani, lakini madame marehemu aliliheshimu sana. Kwa hiyo mkiletewa habari kwamba kaburi langu limeonekana, mjue ni hilo, na mjue aliyelala ndani si mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Sikukwambia yote kuhusu ile simu.

Mama aliponiambia nimemkumbusha mtu, hakukata. Alisema, masikio yangu siku hizi hayana kazi, ngoja nimpe mtoto akusikilize. Nikasikia miguu inakimbia, nikasikia simu inabadilishwa mkono. Samira akasema, haloo. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nahema tu. Yeye naye akanyamaza, na katika ule ukimya nikajua ameshanijua. Mtoto niliyemnyonyesha, Tabia. Nikamsikia anavuta pumzi ili aseme. Nikakata simu kabla hajasema.

Neno lake moja lingenitoa. Lakini ningetoka mimi, bibi angetafuta mwingine, na picha alikwisha kuiona, na mabega alikwisha kuyasifu. Hilo ndilo lililokuwa akilini mwangu wakati kidole kinabonyeza. Ningependa niishie hapo, unione mama mwema. Ukweli una sehemu nyingine. Nilikuwa nimepita mbele ya polisi nikaombwa radhi. Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kuniuliza natoka wapi na narudi lini. Miaka yote hapa nimeitwa majina ya kila aina mitaani, na pale kulikuwa na jina linalowafanya watu wasimame. Nililitaka. Sijui ni sehemu gani kati ya hizo mbili iliyokata simu, na kila siku inayopita inakuwa vigumu zaidi kujua.

Wiki ijayo ninasafiri na mwanasheria kwenda Orvenza. Nitapokelewa kwa bendi, nimeambiwa, na nitaapishwa chini ya ile ngao. Mimi bado nakumbuka mengi. Namkumbuka baba, nakumbuka rangi ya geti letu, nakumbuka uchungu wa kumzaa Samira. Lakini Jumapili iliyopita niliingia chumba cha kushonea nikakuta gauni juu ya meza. Gauni la hariri nyeupe, dogo, la msichana wa umri wa Samira. Kola imeshonwa kwa mshono wangu, ule wa kurudi nyuma ambao nimejifunza kwa Bi Mwanahamisi na hakuna mwingine anayeutumia hapa. Kipimo cha mabega hakikuchukuliwa popote, kilikuwa sawa tu. Humu ndani hakuna fundi isipokuwa mimi. Sikumbuki kulikata.

Kwa hiyo nisikilize, dada yangu, wakati anayekuandikia bado ni mimi. Itakuja barua nyingine. Sijui ni mwaka gani. Itakuwa kwenye karatasi nzito yenye ngao, kwa mwandiko huu huu. Itazungumza kuhusu shule nzuri, na tiketi, na mwanamke tajiri aliyeguswa na habari za yatima. Itamtaja Samira kwa jina, na itakuwa na upole mwingi, na huyo atakayeiandika hatakuwa anadanganya. Atakuwa anampenda, kama Doña Leocadia alivyonipenda mimi, na hatakumbuka sababu yoyote ya kutomwita. Usimpeleke. Mama akikusihi, usimpeleke. Hata nikija mwenyewe mlangoni kwenu, nimevaa vizuri na nina machozi, nipe maji ninywe, kisha nifungie mlango. Mwambie Samira aende chumba cha ndani na asitoke mpaka gari liondoke.

Barua hii nimempa mfanyabiashara wa Mayfair anayerudi Dar, atakuletea kwa mkono. Usinijibu, maana jibu litapokelewa na mtu nisiyemjua vizuri.

Nisalimie shemeji, mwambie nilimshukuru siku zote hata niliponyamaza. Msalimie Bi Mwanahamisi, na kina Ishaka wa nyumba ya pili, na yule mama anayetuletea maziwa, ambaye uso wake ninao lakini jina limenitoka tangu jana. Mbusu mama mikono yote miwili. Samira mbusu kwenye paji la uso akiwa amelala, usimwambie limetoka kwa nani, na umlee kama wako, kwa kuwa kuanzia sasa ni wako.

Mdogo wako anayekupenda,
Kidawa